Lukarne juu ya paa la nyumba Lubumbashi: maswali ya bajeti yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye nyumba wanaotaka kufungua dirisha juu ya paa ili dari, yaani nafasi iliyo chini ya paa, ipate mwanga na iweze kukaliwa. Bei za siku hazimo, kwa sababu zinazoandikwa kwenye kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) Jumatatu huwa si za Ijumaa. Humu mna vipimo, idadi na mpango wa hesabu. Bei jaza mwenyewe ukiwa sokoni na kalamu mkononi.

## Kabla ya kuhesabu

1. Lukarne ni nini hasa?

Ni dirisha lililosimama wima juu ya mteremko wa paa, ndani ya kijumba chake: ukuta mdogo wa mbele, mashavu mawili ya pembeni yenye umbo la pembetatu, na kipaa chake chenyewe. Tofauti yake na kipande cha lata la plastiki la kupitisha mwanga ni kwamba lukarne inaongeza nafasi. Pale ilipo, mtu mzima anasimama wima bila kugonga kichwa.

2. Nitajuaje kama paa langu linaifaa?

Panda juu ya plafoni (mbao zinazofunika chumba kwa juu) ukiwa na mita na tochi, kanyaga mbao tu, kisha pima kutoka kwenye mbao za plafoni mpaka chini ya tuta la paa (mstari wake wa juu kabisa). Ukipata chini ya mita 2.40, usiendelee kusoma sehemu ya hesabu. Huna dari ya kukaa, na lukarne haitakupa.

Kwa nyumba yenye upana wa mita 9, urefu huo unategemea mwinamo wa paa. Mwinamo wa nyuzi 15 unatoa mita 1.20 tu katikati, na nyuzi 20 unatoa 1.64. Ukifika nyuzi 30 unapata 2.60, nyuzi 35 unapata 3.15, na nyuzi 45 unapata 4.50. Hata hivyo, urefu wa katikati hausemi yote. Kwenye nyuzi 30, sehemu yenye urefu wa mita 2 au zaidi ni kama ukanda wa mita 2 hivi kuelekea mbele na nyuma, sawa na korido. Kwenye nyuzi 35 ukanda huo unapata mita 3.3, na kwenye nyuzi 45 unapata mita 5 kamili, na hapo unaweza kuzungumza juu ya chumba.

Ndiyo maana nyumba za zamani za Makomeno, za katikati ya mji na baadhi ya zile za Kamalondo, zenye paa refu, ndizo zinazostahili kazi hii. Nyumba nyingi mpya zina malata (mabati ya kuezekea) yaliyolala karibu bapa, mara nyingine yamefichwa nyuma ya ukuta wa mbele. Kwa hizo kuna kazi moja tu, kuinua paa zima, na hiyo ni bajeti nyingine kabisa.

3. Si afadhali nijenge chumba uani?

Mara nyingi, ndiyo. Kama parseli (kiwanja) bado ina nafasi, chumba cha matofali nyuma ya nyumba hakikulazimishi kutoboa paa linalokukinga leo, wala hakihitaji fundi mwenye ujuzi wa pekee. Lukarne ina maana pale ambapo parseli imejaa, au sharpanti (kiunzi cha mbao cha paa) ya zamani ni nzima na ndefu, au dari tayari inatumika na kasoro yake ni giza tu. Mtu akikuambia lukarne ni njia ya bei rahisi ya kupata chumba, muulize kama amehesabu ngazi (tazama swali la 10).

4. Mteremko mmoja au migongo miwili?

Ya migongo miwili inapendeza zaidi ukiitazama kutoka barabarani. Lakini ina mabonde mawili, pale kipaa chake kinapokutana na paa kubwa, na kila bonde ni mfereji unaobeba maji ya pande mbili. Mfereji huo lazima ukunjwe kwa bati zito, na lazima ukunjwe na mtu anayejua. Ya mteremko mmoja haina bonde. Kwa bajeti ndogo chagua mteremko mmoja bila kuona haya. Nyumba haivuji kwa sababu ya sura yake, inavuja kwenye maungio.

## Hesabu yenyewe

5. Pesa nyingi inaenda wapi?

Si kwenye dirisha. Wenye nyumba huanza kwa kwenda kwa fundi sudeeri (wa kuchomelea vyuma) kuuliza bei ya dirisha, wakidhani hiyo ndiyo nusu ya kazi. Dirisha ndilo linaloonekana, lakini bajeti inaliwa na tundu: kukata paa bila kulidhoofisha, kufunga mbao za kubeba uzito wa zile zilizokatwa, na kuziba maungio kati ya kipya na cha zamani. Inaliwa pia na yale ambayo tundu litafunua, yaani mbao zilizoliwa na mchwa, misumari iliyooza, na waya za umeme zilizopitishwa ovyo juu ya plafoni miaka mingi iliyopita.

Kwa hiyo panga devi (makadirio ya gharama) yako katika mafungu manne, na usikubali fundi akuandikie namba moja ya jumla: (a) kufungua na kuimarisha sharpanti; (b) kijumba chenyewe, na malata yake; (c) maungio ya kuzuia maji; (d) ndani, yaani sakafu, plafoni, umeme na ngazi. Fungu (c) ndilo dogo kwa vifaa na ndilo mafundi wanaokimbia hupunguza kwanza. Ukiona halina mstari wake kwenye devi, jua halimo kwenye kazi.

6. Nipeni mfano wa vipimo ninaoweza kwenda nao sokoni.

Tuchukue nyumba ya upana wa mita 9, paa la nyuzi 35, lukarne ya mteremko mmoja yenye upana wa mita 1.50. Ukuta wake wa mbele una urefu wa mita 1.30, na dirisha ni mita 1 kwa sentimita 90. Kipaa chake tukipe mwinamo wa nyuzi 10. Chini ya hapo malata yenye mikunjo midogo yanaanza kurudisha maji kwenye viungo wakati wa upepo.

Kwa vipimo hivyo, kijumba kinarudi nyuma mita 2.50 hivi mpaka kukutana na paa kubwa. Lata la mita 3 linatosha bila kiungo hata kimoja: mita 2.52 za mteremko, sentimita 25 za upenu mbele, na sentimita 20 za kuingia chini ya malata ya paa kubwa. Ukiongeza ukuta wa mbele ufike mita 1.60 kwa sababu tu unataka dirisha kubwa, kijumba kinarudi nyuma mita 3 na zaidi, na lata moja halifiki tena. Panga ukubwa wa lukarne kufuata urefu wa lata. Kufanya kinyume ni kulipia viungo.

Kila lata likifunika upana wa sentimita 75, kipaa kinataka malata 3, maana mawili yangeishia ukutani bila upenu wa pembeni. Kila shavu linatoka kwenye lata moja la mita 3: ukikata vipande vya wima vya mita 1.30, sentimita 91, sentimita 52 na kipande kidogo cha mwisho, jumla ni kama mita 2.90. Mafundi wasiopiga hesabu hii hununua malata 2 kwa kila shavu na mabaki yanabaki kwao. Ukuta wa mbele, ukitoa dirisha, unachukua lata 1. Jumla 6, nunua 7.

Mbao: kama shevroni za paa (mbao zinazofuata mteremko na kubeba malata) zimeachana sentimita 60, tundu hili litakata 2. Zile za kushoto na kulia zinazobaki lazima ziongezwe mwenzake kila moja, kuanzia ukutani mpaka kwenye tuta, mita 5.50 kwa 2, yaani mita 11. Juu na chini ya tundu kuna boriti za kupokea shevroni zilizokatwa, kila boriti ni mbao mbili zilizobanwa pamoja, jumla kama mita 6.50. Kijumba chenyewe (nguzo, kenchi zake ndogo, mbao za kupigilia malata) kinachukua mita 30 hivi. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa mapande yanayopotea.

Bati la kukunja la maungio, ambalo mafundi huita solini: mita 3 kila upande na mita 1.50 mbele. Nunua mita 9 kwa sababu vipande lazima vipandane. Mwisho, misumari ya malata yenye mpira. Silikoni si solini, hata kama ni ya bei ghali. Jua la mji huu linaikausha na kuipasua.

7. Bajeti niiandike kwa dola au kwa falanga?

Vifaa kwa dola, wasaidizi na mambo madogo ya kila siku kwa falanga, kwenye safu mbili tofauti. Malata, rangi, misumari na vifaa vingine vingi vinapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa hiyo bei yake inafuata dola na mpaka. Lori zikilala foleni, kenkayeri za hapa zinajua siku hiyohiyo. Pesa ya vifaa uliyoiweka kwa falanga inaweza kupungua kabla hujanunua. Noti za dola nazo ziangalie: yenye mchaniko hata mdogo itakataliwa dukani, na fundi hatakubali uihesabu kama malipo.

8. TVA inaingia wapi?

Kodi hii ya ongezeko la thamani ni asilimia 16. Ukinunua kwa duka linalotoa fakitire (ankara) rasmi, uliza mapema kama bei uliyotajiwa imeijumuisha. Vifaa vya dola 900 (namba ya kujifunzia tu) vinaongezeka dola 144, na hizo zinatosha kukukatia fungu (c) lote kama hukuzitazamia.

9. Niweke akiba kiasi gani kwa yasiyotazamiwa?

Asilimia 15 kama fundi amepanda, ameondoa kipande cha plafoni na kuchoma mbao kwa bisibisi mahali mbalimbali. Asilimia 25 kama devi imeandikwa mtu akiwa amesimama chini akitazama juu. Bisibisi ikizama kwenye mbao bila nguvu, mbao hiyo imekufa, na si moja peke yake.

Akiba hii isiguswe kwa ajili ya vigae vizuri zaidi au rangi ya pili. Inakaa mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite juu ya lukarne.

10. Devi husahau nini?

Kwanza ngazi. Kupanda mita 2.70 kwa ngazi ya kudumu kunataka vidato 15 vya sentimita 18, na ukimpa mtu sentimita 25 za kukanyaga, ngazi inameza mita 3.50 za sakafu ya chini. Ni kipande kizima cha sebule. Ngazi ya kukunja inaokoa nafasi, lakini mzee au mtoto hapandi nayo usiku.

Pili, sakafu ya dari. Mbao zinazobeba plafoni zilipangwa kubeba plafoni, si kitanda, kabati na watu wanne. Karibu kila mara zinahitaji kuongezwa nyingine kati yao.

Kisha mambo madogo yanayokusanyika: miti ya mkalitusi ya jukwaa, turubai zito (si nailoni nyepesi), usafiri wa mbao, kuondoa takataka, kurekebisha plafoni ya chumba cha chini itakayopasuka kwa kukanyagwa, petroli ya grupu (jenereta) siku ambazo hakuna umeme na fundi ana machine ya kukata. Na sentineli (mlinzi): kwa siku zote ambazo paa liko wazi, nyumba haina kufuli. Kama huna wa kudumu, andika malipo ya wa usiku.

11. Dirisha gani?

La kufunguka kwa nje lenye mpira wa kuzuia maji. Nako (madirisha ya vioo vingi vyembamba vinavyogeuka) hazifai hapa: juu ya paa upepo unasukuma mvua moja kwa moja kati ya vioo. Antivoli (nondo za kuzuia wezi) weka, hata kama ni juu. Mwizi wa paa hupandia kwenye tangi la maji la jirani. Antivoli hiyo iwe inayofunguliwa kutoka ndani, kwa sababu moto ukiwaka chini, dirisha hilo ndilo mlango wako wa pili.

12. Malata ya namba gani?

Namba ya BG (kipimo cha unene wa lata) ikipanda, lata linakuwa jembamba. BG 32 ni ya banda. Kwa kipaa na mashavu chukua BG 28, kwa sababu fundi atayakanyaga na kuyakunja, na lata jembamba likikunjwa linapasuka rangi na kuanza kutu palepale. Tofauti ya bei kwa malata 7 ni ndogo kuliko nauli ya kumrudisha fundi mwakani. Mikunjo ilingane na ya paa la zamani, la sivyo pale yanapoingiliana patabaki matundu.

## Fundi, ruhusa na karatasi

13. Malipo ya siku au ya jumla?

Kwa kijumba, maungio na ndani, bei ya jumla. Kwa kufungua paa na kubadilisha mbao zilizoharibika, kwa siku au kwa kila mbao inayobadilishwa, bei ikiwa imekubaliwa mapema. Fundi anayetoa bei ya jumla kwa kitu asichokiona ama ameiongeza sana, ama atakuja kusema, «Mama, hii hatukuiongea.» Ukimuuliza kuhusu solini akajibu, «Papa, hiyo tutaona mbele», ni hapo pa kusimama, muiandike pamoja au umtafute mwingine.

14. Avansi (malipo ya kutangulia) kiasi gani?

Ya vifaa, usitoe: nenda naye dukani ulipe mwenyewe, fakitire iandikwe jina lako. Ya ufundi, robo inatosha kuanza. Robo ya pili wakati boriti zimefungwa na umeziona. Ya tatu kijumba kikiwa kimezibwa malata na solini, baada ya kumwaga maji juu yake kwa mpira au ndoo kwa dakika 20 mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ya mwisho ndani ikikamilika. Ukilipa robo ya tatu kabla ya kumwaga maji, jaribio hilo utalifanyiwa na mvua, nawe huna tena cha kumshikilia fundi.

15. Je, ninahitaji ruhusa?

Ndiyo. Lukarne inabadilisha muundo na sura ya jengo. Sheria ya urbanisimu (mipango ya mji) nchini, iliyojengwa juu ya dekreti ya tarehe 20 Juni 1957, inataka ruhusa kabla ya kujenga. Anza komini, kwenye huduma ya urbanisimu, ukiwa na cheti cha parseli (certificat d'enregistrement kama unacho, au kontra ya kupangishwa) na mchoro wa msanifu. Mchoro si anasa: mchoraji ndiye atakayekuambia boriti iwe ya unene gani, na ada yake ni fungu la bajeti tangu mwanzo.

Kila malipo yawe na kitansi (risiti). Mtu akija kwenye parseli akisema kazi isimame mpaka apewe kitu, unamwonyesha karatasi. Bila karatasi utalipa, na atarudi.

16. Nyumba ni ya urithi, tuko wanne. Naweza kuanza?

Kama cheti bado kina jina la marehemu baba, unajenga juu ya mali ya wote. Siku ya kugawana, ndugu mmoja anaweza kusema lukarne ni ya nyumba, si yako, na pesa yako haijulikani iko wapi. Ketini kwanza, andikeni nani anatoa nini na kitahesabiwaje nyumba ikiuzwa, kila mtu atie sahihi mbele ya mzee wa familia. Wajomba na shangazi walioachwa nje ya kikao huwa ndio wanaosimamisha kazi tundu likiwa wazi.

17. Paa likianguka miaka mitatu baadaye?

Sheria ya mikataba ya nchi, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inawawajibisha mjenzi na msanifu kwa miaka 10 kama jengo la bei ya jumla limeharibika kwa kasoro ya ujenzi. Lakini huwezi kumdai mtu ambaye hakuna karatasi inayosema alifanya kazi kwako. Ukurasa mmoja wenye majina, bei, mafungu manne ya swali la 5 na sahihi mbili unatosha kuanzia.

## Mvua, jua na mchwa

18. Tufungue paa mwezi gani?

Kati ya Mei na Agosti. Mvua za hapa kwa kawaida zinakwisha Aprili na kurudi Oktoba au Novemba. Septemba bado ni kavu, lakini kila mwenye nyumba mjini anawatafuta mafundi wa paa mwezi huo, na bei ya ufundi inapanda na haraka yao. Anza kununua mbao mwezi wa Machi au Aprili, zikauke kivulini wiki kadhaa. Mbao mbichi ikipigiliwa inajikunja baadaye na kufungua maungio uliyoyalipia.

Kama pesa itatimia Oktoba, subiri kiangazi kijacho. Kuifunika nyumba kwa turubai miezi mitano ya mvua kunagharimu plafoni, magodoro na amani ya nyumba.

19. Ielekee upande gani?

Kusini ukiweza. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linapita upande wa kaskazini, isipokuwa kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Februari, na wakati huo liko juu sana hata upenu mdogo unalizuia. Lukarne ya kusini inapata mwanga tulivu. Ya magharibi inapokea jua la saa tisa na saa kumi likiwa limeinama, na Septemba na Oktoba chumba hakikaliki. Kama magharibi ndiyo nafasi pekee, weka kwenye bajeti kibaraza cha kivuli au vibao vya mbao vya nje. Pazia la ndani halizuii joto ambalo tayari limeshaingia.

20. Chumba chini ya malata si kitakuwa tanuri?

Kitakuwa, ukiacha malata wazi. Weka plafoni ya tripleksi (plaiwudi) ikifuata mteremko, ukiacha nafasi ya sentimita 5 au zaidi kati yake na malata, na hewa iwe na mahali pa kuingilia kwenye upenu na pa kutokea karibu na tuta. Rangi nyeupe juu ya malata inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Povu la polistireni lililo wazi usiweke: likishika moto linatoa moshi wa sumu, na dari ina mlango mmoja. Kiangazi nacho kina upande wake: usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na plafoni hiyohiyo itakufaa.

21. Mchwa?

Katanga ni nchi ya vichuguu, kwa hiyo hili si swali la «kama». Mbao mpya zipakwe dawa ya mchwa pande zote, pamoja na ncha zilizokatwa, kabla ya kupigiliwa. Baada ya hapo brashi haifiki. Oili chafu ya gari ni rahisi na wengi wanaitumia kwenye banda, lakini ndani ya chumba cha kulala inanuka kwa muda mrefu na inapenda moto. Mnunuzi wa mulombwa analipa zaidi kwa mita, ila mti huo mchwa hawaupendi. Utumie kwa boriti mbili za kupokea peke yake, kijumba kikawa cha mbao za kawaida zilizopakwa dawa. Huo ni mgawanyo mzuri wa pesa.

## Hali za pekee

22. Paa langu ni la eternit ya zamani.

Simama kwanza. Eternit ni mabamba ya simenti yenye nyuzi, na yale ya enzi za zamani yanaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likivutwa linaleta magonjwa ya mapafu yanayojitokeza miaka mingi baadaye. Usikate kwa msumeno, usitoboe, usivunje kwa nyundo. Hesabu gharama ya kuondoa mabamba mazima ya mteremko huo: yaloweshwe maji, yafunguliwe misumari moja moja, yashushwe yakiwa mazima na kufungwa ndani ya nailoni nzito, kisha mteremko wote uezekwe malata. Bajeti inakua sana, lakini kazi ya nusu hapa haipo. Watoto wasiwepo siku hizo.

23. Ni la vigae.

Sharpanti yake kwa kawaida ni nzito na nzuri, hiyo ni faida. Shida ni vigae vya badala, maana vya zamani havipatikani kirahisi. Fundi avitoe kwa mkono bila kuvunja: vile vya tundu la lukarne vinakuwa akiba ya kurekebisha pembeni. Kijumba chenyewe kiezeke kwa malata, usijaribu kulinganisha.

24. Paa limebebwa na kenchi za pembetatu, si shevroni.

Basi swali la 6 halikuhusu. Kwenye kenchi kila kipande kinavuta au kusukuma kingine, na ukikata kimoja ili upate nafasi ya kupita, paa linaanza kusukuma kuta nje. Lukarne nyembamba inayokaa katikati ya kenchi mbili bila kugusa hata moja inawezekana, lakini itakuwa ya mwanga tu. Kwa chumba, msanifu au enjinia lazima apige hesabu upya. Fundi akisema, «tutaweka nguzo tu», muulize nguzo hiyo itasimama juu ya nini. Kama jibu ni plafoni, mshukuru na umsindikize.

25. Pesa imeisha katikati ya kazi.

Maliza kilicho nje, acha cha ndani. Kijumba chenye malata, solini na kipande cha tripleksi kilichopigiliwa mahali pa dirisha kinaweza kungoja mwaka mzima bila madhara. Kijumba chenye dirisha zuri la aluminiamu lakini bila solini hakitangoja hata mwezi wa Novemba. Ndiyo sababu dirisha hununuliwa mwisho, ingawa ndilo wanaloanza nalo wengi.

26. Nataka kumpangishia mwanafunzi wa Kasapa (kampasi ya chuo kikuu).

Kabla ya kutia kodi hiyo kwenye hesabu ya kurudisha pesa, fikiri juu ya mlango wake: mpangaji anayepita sebuleni kwako saa nne usiku hatakaa muda, au wewe hutamvumilia. Ngazi ya nje inagharimu zaidi na inataka ruhusa pia. Choo nacho atashuka chini. Kwa wengi, hesabu inakubali zaidi kijana wa nyumbani apande dari na chumba chake cha chini kipangishwe.

27. Nikijenga mbili kwa pamoja, napunguza?

Jukwaa, turubai, usafiri, sentineli na mchoro unalipa mara moja, kwa hiyo ya pili inatoka kwa bei ndogo kuliko ya kwanza. Ila zisifunguliwe siku moja. Fundi amalize kuziba ya kwanza, imwagiwe maji kama ilivyoelezwa kwenye swali la 14, ndipo akate ya pili. Kati ya matundu mawili ziache angalau shevroni tatu nzima ambazo hazikuguswa.